Mwinjilisti Kwanza, Bati Baadaye



Mimi ni mama wa miaka 61, mjane, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri hapa Idodi, mkoani Iringa. Marehemu baba alikuwa mwinjilisti. Alishuka kutoka milimani, upande wa Pommern, akiwa bado kijana, akapewa eneo la kuhubiri huku chini, na hakurudi tena kwao. Hapa ndipo alipooa na hapa ndipo tulipomzika. Kanisa tunalosalia alilijenga yeye na wenzake. Matofali walifyatua wenyewe, wakayachoma wenyewe, na mama zetu wakasomba maji kutoka mtoni.

Mwaka jana halmashauri ya usharika ilipitisha tujenge kanisa kubwa la kisasa, na hili la zamani livunjwe kupisha. Nilisimama nikapinga. Kijana mmoja akajibu kwamba sisi wazee tunaabudu matofali, na watu wakapiga makofi. Kijana huyo ni mwanangu wa mwisho. Hazikupita siku nyingi akahama kabisa. Sasa anasali kwenye kanisa la turubai lililofunguliwa karibu na barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, lenye vyombo vya muziki na mtumishi anayetabiri. Ananiambia kanisa letu limebaki la mazishi.

Wakati huo huo kila kaya imepangiwa ahadi ya ujenzi, gunia la mpunga baada ya mavuno. Wasiotoa wanasomwa majina kanisani. Mwinjilisti wa mtaa wetu hajapata posho kwa miezi mingi, na juzi nilimkuta akipalilia shamba la mtu kama kibarua. Wapo wanaosema tusubiri rafiki zetu wa Minnesota, Marekani, walete bati.

Na mimi huyo huyo nimepewa kazi ya kuandika historia ya usharika kwa ajili ya jubilei, pamoja na ukurasa wa mwisho uitwao "Wito wetu wa baadaye". Nimefungua daftari mara kadhaa nikalifunga. Nitaandika wito gani wakati mtoto wangu mwenyewe ameondoka? Je, kweli naabudu matofali? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mzee wa Kanisa, Idodi

Mama,

Umeniuliza habari ya matofali, ya mtoto na ya daftari. Lakini barua yako ina jambo la nne ambalo umelitaja kwa kupita tu: mwinjilisti uliyemkuta akipalilia shamba la mtu. Nitaanza na huyo, maana naona kila ulichouliza kinapitia kwake.

Kazi anayoifanya ndiyo aliyoifanya baba yako. Wewe unaijua kuliko mimi, ila waliopiga makofi kikaoni huenda wameisahau. Mchungaji mmoja anahudumia mitaa mingi, kwa hiyo kila mtaa unamwona kwa zamu, siku ya Chakula cha Bwana na ubatizo. Jumapili nyingine zote ni za mwinjilisti. Yeye ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, anayesimama kaburini mchungaji akiwa mbali. Usharika unaomwacha mtu huyo alime vibarua ili watoto wake wale, huku ukikusanya magunia kwa ajili ya paa, umepanga mambo yake vibaya. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu historia unayotakiwa kuiandika inasema hivyo hivyo.

Itazame tangu mwanzo. Wamisionari wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, wakitokea upande wa Ziwa Nyasa, mwaka ule ule Wamoravian walipoanza kazi Rungwe. Walikuwa wachache na vituo vyao vilikuwa mbalimbali. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku mwaka 1916, Waingereza waliwakamata wakawaondoa. Baadaye Waskoti wachache walikuja kusaidia, kisha Wajerumani wakarudi, na vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 wakaondolewa tena. Kazi ikaja kushikwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Hebu fikiri: mara mbili, katika muda usiofika miaka 25, makanisa ya nyanda hizi yaliamka yakakuta nyumba ya mmisionari imefungwa. Nani alipiga kengele Jumapili iliyofuata? Nani alifundisha wakatekumeni na kuzika wafu? Walimu wa shule za vijijini na wainjilisti, wengi wao wakiwa na madarasa machache tu, wakitembea kwa miguu kati ya kijiji na kijiji. Makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tarehe 19 Juni 1963, na Dayosisi yenu ya Iringa ilipoanza mwaka 1987, yalisimama juu ya miguu ya watu hao.

Kwa hiyo daftari lako lianze na majina yao. Historia nyingi za sharika nilizosoma zina picha za wamisionari, majina yao kamili na miaka yao ya kuzaliwa, halafu zinataja "wenyeji waliosaidia". Usiandike hivyo, tafadhali. Fungua vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Humo mna majina ya waliobatiza, wazazi wa ubatizo, vijiji walikotoka. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu kabla mchwa hawajaumaliza, na nakala ipelekwe ofisi ya dayosisi. Kisha nenda kwa wazee waliobaki. Waulize nani alitoa ardhi ya kanisa na kwa makubaliano gani. Waulize wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, watu walipokusanywa, ni mitaa ipi ilikufa na ipi ilizaliwa. Waulize kina mama. Baba yako aliishi kwa posho ndogo, na sina shaka jembe la mama yako ndilo lililomlisha mwinjilisti huyo na watoto wake. Jina la mama liwe kwenye ukurasa huo huo na la baba, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Andika pia yaliyo machungu. Mwaka 1891, ule ule wa wamisionari, tarehe 17 Agosti, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, ngome yake ya Kalenga ikaanguka kwa mizinga ya Wajerumani. Kila mtu wa Idodi aendaye Iringa mjini anapita Kalenga. Injili iliingia Uhehe katika kizazi kile kile kilichoona mizinga hiyo, tena ikiletwa na watu wa taifa lile lile. Wazee waliokataa ubatizo walikuwa na sababu zao, na usharika uliokomaa unaweza kulisema hilo siku ya jubilei bila kuona aibu. Tena kuitaja Kalenga kunaipandisha heshima kazi ya baba yako. Yeye hakuja na bunduki. Alikuja na Biblia na jembe, akaoa kwenu, akazikwa kwenu.

Wataje na majirani zenu wa imani: Wakatoliki, ambao kazi yao katika nchi ya Uhehe ilianzia Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19 na tangu 1919 ikaendelezwa na wamisionari wa Konsolata, na Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha. Na mwaka 2009 usikose. Mwezi wa Agosti mwaka huo, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku na watoto 12 wakafa. Wazee wa kanisa wa wakati ule wapo hai wengi. Waulize siku zile usharika ulifanya nini: nani alikaa na wazazi, nani alipika, nani aliomba na wale waliookoka. Mambo ya namna hii hayamo katika ripoti za ujenzi, lakini ndiyo yanayoonyesha kama imani ya watu ina uhai.

Sasa matofali. Hapana mama, huyaabudu. Unalinda jasho la watu unaowafahamu kwa majina, na hilo ni jema. Lakini sikushauri ufanye jengo hilo kuwa vita yako. Kama waumini hawaenei, kanisa kubwa linahitajika, na hao waliofyatua matofali ya kwanza wangekuwa wa kwanza kushika koleo. Ombeni fundi anayeaminika, ikiwezekana mhandisi wa halmashauri ya wilaya, alikague la zamani. Akisema kuta ni salama, libaki kwa ajili ya shule ya Jumapili na mafundisho ya kipaimara, na jipya lijengwe pembeni. Bagamoyo walifanya jambo la jinsi hiyo: mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, bado umesimama karibu na kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914, na anayefika pale anasoma historia yote kwa kutazama tu. Fundi akisema kuta zitaangukia watoto, livunjwe bila manung'uniko, baada ya kupigwa picha kila upande. Na hapo wewe mwenyewe uwe mstari wa mbele. Ukifanya hivyo hakuna atakayekuambia tena neno la matofali.

Kuna jambo moja la kiwanja ambalo nadhani ni zito kuliko jengo. Hakikisheni mipaka ya ardhi ya kanisa inajulikana na imeandikwa. Ardhi nyingi za sharika za vijijini zilitolewa kwa mdomo na wazee ambao sasa ni marehemu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa utaratibu kupitia serikali ya kijiji, na mali za kanisa hushikwa na bodi ya wadhamini wa dayosisi. Mgogoro wa mpaka ukizuka msingi ukiwa umeshachimbwa, magunia yote ya mpunga yataishia kwa mawakili.

Na hayo majina yanayosomwa kanisani, yakome. Mjane aliyevuna magunia matatu, akatoa moja kwa ajili ya ada na jingine kwa ajili ya deni la mbolea, hapaswi kusikia jina lake likisomwa mbele ya madhabahu kama la mdaiwa sugu. Mnao utaratibu wenu mzuri kuliko huo: Sikukuu ya Mavuno, na mnada wa baada ya ibada, ambapo mayai matano au kuku mmoja wa bibi hununuliwa kwa shangwe na kurudishwa mnadani anunuliwe tena. Pale mtu maskini anatoa akiwa na heshima yake. Wewe ni mzee wa kanisa, una haki ya kulisema hili kwenye kikao.

Kuhusu Minnesota. Uhusiano wa Bega kwa Bega kati ya dayosisi yenu na Sinodi ya Saint Paul ya huko Minnesota ulianza mwaka 1987, na umesomesha watoto wengi wa Iringa. Uheshimuni. Lakini jueni hali ya rafiki zenu pia. Kanisa lao, ELCA, lilianza mwaka 1988 likiwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. Nao wanakaa vikao wakiulizana vijana wamekwenda wapi, na baadhi ya sharika zao zinauza majengo makubwa ambayo babu zao walijenga kwa sadaka. Badala ya kuwasubiri walete bati, waandikieni swali lako hili hili la mtoto aliyeondoka. Naamini watalijibu kwa machozi, na hapo mtakuwa mmeanza kusaidiana kwa kweli.

Nakuja kwa mwanao.

Kwanza, usimwombe arudi. Mtu mzima akiombwa na mama yake kurudi kanisani, anarudi kwa ajili ya mama, na siku mama akifa anaondoka tena. Nenda ukasali naye Jumapili moja. Mwombe ruhusa mchungaji wako ili maneno yasizuke, vaa vizuri, kaa kwenye kiti cha plastiki kama wengine, msikilize huyo mtumishi mpaka mwisho. Utaona kitu ambacho mwanao amekipata huko. Huenda ni muziki. Huenda ni kwamba wiki ya kwanza tu alipewa kazi ya kushika kipaza sauti na akaitwa jina lake. Kwetu kijana anaweza kuimba kwaya miaka kumi, akabeba viti vya kila harusi na kila msiba, na asiulizwe hata siku moja sadaka zitumikeje.

Ukiwa huko sikiliza jambo moja kwa makini. Wakiwaambia wagonjwa waache dawa kwa sababu wameombewa, hapo usinyamaze. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta mkoa wa Iringa una maambukizi ya VVU ya asilimia 11.3 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa nchi haukufika hata nusu ya kiwango hicho. Katika mkoa kama huo, mahubiri ya kutupa vidonge yanaua. Mwambie mwanao hivyo, ana kwa ana, kwa upole na bila kuficha. Yasipokuwepo mahubiri hayo, usiwaseme vibaya wale watu. Baba yako naye alipofika Idodi alikuwa mgeni mwenye mafundisho mapya, na wapo waliomsema.

Pili, neno lake la "kanisa la mazishi" lisikuchome. Kanisa linalozika watu wake vizuri, linalochimba kaburi na kukesha na wafiwa bila kuuliza marehemu alitoa ahadi au hakutoa, lina heshima kubwa. Ila mwanao ana hoja kwa upande mmoja. Kijana wa miaka 25 hawezi kusubiri msiba ndipo ajue usharika una haja naye. Kwa hiyo mpe kazi. Mwambie: "Ninaandika habari za babu yako, macho yangu hayaoni vizuri, na wewe una simu. Njoo unirekodie wazee." Usimtajie habari ya kurudi. Apande nawe pikipiki mpaka Mapogoro, mpaka Tungamalenga, asikilize bibi wa miaka 85 akieleza jinsi baba yako alivyovuka mto uliofurika ili abatize mtoto aliyekuwa anakufa, au lolote lile ambalo wazee hao watakuwa wanalikumbuka. Sikuahidi kwamba atarudi. Atakuwa amejua tu ametoka kwa nani.

Imebaki karatasi yako ya mwisho. Wito wa baadaye usiutafute mbali. Zunguka kijijini ukawatazame watu waliopo leo ambao baba yako hakuwakuta. Wapo wafugaji, Wamasai, Wabarabaig na Wasukuma, ambao wamehamia na mifugo yao. Wapo vibarua wanaokuja msimu wa kupanda mpunga na kulala popote. Wapo vijana wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii za Tungamalenga, Jumapili kwao ikiwa siku ya kazi kama nyingine. Wapo wanafunzi waliopanga vyumba, hasa wasichana, wanaojipikia wenyewe bila mtu mzima wa kuwauliza wamelalaje. Na upo ugomvi wa maji. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na kila mkulima wa mpunga na kila mfugaji wa eneo lenu anajua maana ya mfereji uliozibwa usiku. Nani atawakalisha pamoja mkulima na mfugaji kabla ya fimbo na mapanga? Serikali ina sehemu yake. Lakini usharika wenye watu wa pande zote mbili kwenye benchi moja una nafasi ambayo ofisi ya mtendaji haina.

Hayo ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa ule, na kila moja liwe na jina la mtu atakayelifanya. Kama halmashauri inataka vijana wabaki, iwakabidhi mtaa mmoja mpya, kule kwenye makazi ya wafugaji au kando ya mashamba, wauanzishe wao chini ya mti, pamoja na mwinjilisti, wapewe na fungu dogo la fedha walisimamie na kulitolea hesabu. Watakosea. Hata wazee wetu walikosea, na hatukuwafukuza.

Fungua daftari mama, uandike jina la baba na la mama kwenye mstari wa kwanza. Kikao kijacho cha wazee kikifika, peleka hoja moja tu: fungu la kwanza la mavuno haya, kabla ya saruji na kabla ya bati, limlipe mwinjilisti malimbikizo yake yote, na posho yake ipangwe kila mwezi tangu sasa. Wakikukatalia, ipeleke tena kikao kinachofuata, na kinachofuata. Historia ikikamilika, nakuomba unitumie nakala.